Kulitafuta Jeraha la Mkongo: Kutoka Telegrafu ya Zanzibar hadi Nyuzi za Kioo za Kanda ya Ziwa

Waya wa mawasiliano ukishafukiwa ardhini au kulazwa chini ya bahari hauonekani tena, na kwa sababu hiyo ufundi wa kuutunza umekuwa, tangu mwanzo wake, ufundi wa kuupima kutoka mbali. Afrika Mashariki iliingia katika historia hiyo mwaka 1879, pale ulipolazwa waya wa telegrafu uliotoka Aden, ukapita Zanzibar na Msumbiji na kuendelea hadi Durban. Waya wa namna hiyo ulipopata hitilafu, fundi aliyekuwa ofisini pwani alipitisha humo umeme wa betri na kupima ukinzani, yaani kiasi ambacho shaba inazuia umeme kupita, kisha akagawanya jibu kwa ukinzani wa kila maili uliokwisha kuandikwa tangu kiwandani. Hesabu hiyo ilimpa umbali wa jeraha, lakini umbali peke yake haukutosha, kwa kuwa nahodha wa meli ya ukarabati alihitaji pia daftari la ulazaji, lililoonyesha waya ulipita wapi na ulilegezwa kiasi gani juu ya mabonde ya sakafu ya bahari.

Nyuzi za kioo zilikuja kuiondolea mbinu hiyo msingi wake. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya utafiti huko Harlow, Uingereza, walieleza kwamba kioo kingeweza kubeba mawasiliano ya masafa marefu endapo kingetakaswa mpaka mwanga ufifie kwa desibeli zisizozidi 20 kwa kilomita, kiwango ambacho huacha asilimia 1 tu ya mwanga baada ya kilomita moja. Kampuni ya Corning ya Marekani ilifikia shabaha hiyo mwaka 1970, na kufikia mwaka 1979 watafiti wa Japani walikuwa na uzi unaofifisha mwanga kwa desibeli 0.2 kwa kilomita, maana yake asilimia 1 ile ile ilibaki baada ya kilomita 100. Kioo hakipitishi umeme, hivyo mafundi waliozoea kupima ukinzani walilazimika kuanza upya.

Ufumbuzi ulitoka katika dosari ya kioo chenyewe. Hata kioo safi kabisa kina tofauti ndogo mno za msongamano zilizoganda ndani yake kilipokuwa kinapoa, nazo hutawanya mwanga kidogo kidogo pande zote, sehemu yake ikarudi kule ulikotoka. Mwaka 1976 Barnoski na Jensen walionyesha, huko Marekani, kwamba pigo fupi la mwanga likipelekwa ndani ya uzi na mwanga unaorudi ukapimwa kadiri muda unavyopita, hali ya uzi mzima inaweza kusomwa kutoka upande mmoja. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi unaorudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde umetoka umbali wa kilomita 100. Kifaa kilichozaliwa na wazo hilo, ambacho mafundi hukiita OTDR, huchora mstari unaoteremka polepole: kidato kidogo huonyesha kiungo ambapo nyuzi mbili ziliyeyushwa pamoja, na mstari unapoporomoka ndipo uzi ulipokatika. Kinachostahili kusifiwa zaidi ni uwezo wake wa kutofautisha aina za majeraha, kwani uzi uliokunjwa huvujisha zaidi mwanga wa nanomita 1550 kuliko ule wa nanomita 1310, ilhali kiungo kibovu huathiri mwanga wa aina zote mbili karibu sawa.

Baharini mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu vikuza mwanga vilivyoenea baada ya ugunduzi wa mwaka 1987 huruhusu mwanga kwenda upande mmoja tu, na ilibidi wahandisi watengeneze kijia ndani ya kila kikuza ili mwangwi urudi kupitia uzi wa pili. Mikongo ya SEACOM, iliyozinduliwa mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010, ilipokatika Mei 12, 2024 kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilidhoofika kwa siku kadhaa, ingawa kupajua mahali penyewe hakukuwa tatizo. Kilichochelewa kilikuwa meli na kazi ya kuunga, na hasara ilikuzwa na ukweli kwamba mikongo yote miwili hufika nchi kavu Mtunzini, Afrika Kusini.

Kukatika, hata hivyo, ndiyo hitilafu iliyo rahisi kuitambua. Ziko nyingine zinazouharibu ujumbe huku mwanga ukiendelea kufika, mathalani kutawanyika kwa mapigo, ambako rangi za mwanga zinazokaribiana husafiri kwa kasi tofauti hata pigo moja likaingia katika jingine. Zamani hitilafu hizo zilipimwa kwa vifaa maalumu, lakini vipokezi vilivyoingia sokoni karibu na mwaka 2008 na kuendelea huzikokotoa vyenyewe vinapousahihisha ujumbe.

Katika nchi kavu, ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania ulianza mwaka 2009, na njia yake ya kaskazini huunganisha Mwanza na Musoma hadi mpaka wa Sirari. Eneo la Kalemela, mkoani Simiyu, limo katika ukanda huo wa kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, ambako udongo mweusi wa mbugani huvimba masika na kupasuka kiangazi, nao huweza kuuvuta mkongo uliofukiwa humo. Kipimo kinachochukuliwa kutoka mjini husema mwanga umesafiri umbali gani ndani ya kioo, wala hakisemi jeraha liko upande gani wa daraja au shamba la pamba. Uzi ni mrefu kuliko ganda linaloubeba, kila shimo la kuungia lina akiba ya mkongo iliyoviringishwa, na kila ukarabati huongeza kipande kinachosogeza mbele umbali wa kila kitu kilicho baada yake. Kwa hiyo mchoro wa OTDR wenye usahihi wa mita chache unaweza kuwapeleka mafundi mahali pasipo na jeraha lolote, endapo barabara ilipanuliwa au kiungo kikaongezwa na daftari la njia likabaki kama lilivyoandikwa siku mkongo ulipofukiwa.