Ufichuzi wa kesi za jinai kwa waombaji wa ujaji, Kenya

Ni wajibu wa wakili au hakimu anayeomba ujaji kueleza mashtaka ya jinai yanayomkabili, hata kabla ya hukumu. Msingi wake ni Katiba ya 2010: kifungu cha 166 kinadai tabia njema, uadilifu na kutopendelea. Papo hapo kifungu cha 50 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Kwa hiyo kesi inayoendelea si hukumu. Kuificha ni jambo jingine, maana hapo kinachopimwa ni ukweli wa mwombaji mwenyewe.

Mwombaji kutoka Mikindani, wadi ya eneo bunge la Jomvu huko Mombasa, hapimwi tofauti na wa Nairobi. Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) humtaka alete vyeti vya Idara ya Upelelezi wa Jinai, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na Chama cha Mawakili, miongoni mwa vingine. Kisha majina hutangazwa na umma hualikwa kutoa taarifa, na mahojiano hufanywa hadharani. Jirani aliyeshuhudia jambo ana nafasi ya kuandika.

Tuhuma tupu ni suala gumu zaidi. Kwa mfano, Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 na kuwaacha 6 waliopendekezwa na JSC, akitaja uadilifu. Mrithi wake, William Ruto, aliwateua sita hao Septemba 2022.