ESP8266
ESP8266 ni chipu ya WiFi inayotengenezwa na kampuni ya Espressif Systems ya Shanghai, nchini China. Ilijulikana kwa mafundi wa kujifunza mwaka 2014 kupitia ESP-01, moduli ndogo ya kampuni ya Ai-Thinker. Moduli hiyo huunganisha bodi kama Arduino Uno na mtandao wa WiFi kwa nyaya mbili za data: moja ya kutuma, nyingine ya kupokea. Bodi huiongoza kwa amri fupi za maandishi zinazoanza na herufi AT.

Kuchagua moduli
ESP-01 ina pini 8 tu. Inatosha kwa kazi ndogo, kama kutuma vipimo vya joto. Anayehitaji pini nyingi zaidi huchagua ESP-12. ESP8266 inaweza pia kuandikiwa programu na kufanya kazi bila Arduino. ESP32, iliyotolewa mwaka 2016, ina Bluetooth pamoja na WiFi.

Mahitaji ya umeme
ESP8266 hutumia volti 3.3, ilhali pini za data za Arduino Uno R3 hutoa volti 5. Kwa hiyo rezista mbili huwekwa kupunguza volti zinazoingia kwenye moduli, isije ikaungua. Aidha, inapotuma huweza kuhitaji miliampia 170 au zaidi, wakati pini ya volti 3.3 ya Arduino hiyo hutoa 50 tu. Moduli hujizima na kuwaka tena, na mwanafunzi hudhani ni mbovu. Dawa yake ni chanzo cha pekee cha volti 3.3 chenye uwezo wa miliampia 500, huku nyaya hasi zote zikiunganishwa pamoja.