Zaidi ya 'Mob': Maneno 5 ya Kusema Kitu Kimejaa

Mtaani 'mob' iko sawa, lakini kwa insha ya KCSE itakukata maksi. Shika hizi, na mifano ya Itumbe, Kisii:

Tele – mashambani kuna majani chai tele.

Kochokocho – sokoni ndizi ziko kochokocho.

Lukuki – hazihesabiki: madeni lukuki.

Pomoni – hutembea na 'kujaa': mathree imejaa pomoni.

Maridhawa – nyingi ya kuridhisha: mvua maridhawa, chai inachipuka fiti.

Siri ni hii: '-ingi' hubadilika, watu wengi, vitu vingi, vile tu Ekegusii husema 'abanto abange', 'ebinto ebinge'. Hizi tano hazibadiliki. Watu tele, vitu tele, ndizi tele. Ukiwa na shaka kwa mtihani, chagua 'tele'. Haikuangushi.