Kwenu Mlivuka Saa Ngapi?

Amri ilikuwa hivi: shoneni kiatu cha ngozi chenye manyoya ndani na nje. Hapa Githongo, miteremkoni mwa Mlima Kenya, mtoto anayesimuliwa habari za Mbwaa huisikia amri hiyo kabla hajafungua riwaya yoyote. Walioitoa ni Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowatumikisha Wameru katika kisiwa hicho cha Mbwaa. Ngozi ya ng'ombe ina manyoya upande mmoja tu, na walioagiza kiatu hicho walilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana riwaya 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949, sikuiona ngeni. Mhusika wake mkuu, Winston Smith, anaoneshwa vidole vinne, anateswa hadi avione vitano. Kidole cha tano na kiatu cha manyoya pande mbili ni agizo lilelile: mtu aisaliti akili yake mwenyewe ndipo mtawala alale usingizi.

Husemwa kwamba shujaa wa riwaya za namna hii hutuvuta kwa ujasiri wake. Ujasiri upi? Winston ana kidonda mguuni, anakohoa kila asubuhi, na mwishowe anamsaliti mpenzi wake Julia. Kinachotufunga naye ni ile kazi isiyofanyika. Nani kati yetu hajapanga foleni ofisini, akaambiwa akalete karatasi inayotolewa na dirisha lilelile alilosimama mbele yake?

Ila Koomenjwe, kiongozi wa Wameru huko Mbwaa, alikata ngozi inayoning'inia kooni mwa ndama, yenye manyoya huku na huku, kiatu kikashoneka. Msikilizaji hucheka hapo. Kwa Winston hakuna anayecheka, kwa kuwa amri imemkuta peke yake. Ya Mbwaa iliwaangukia watu wote, na walipotakiwa kutoa mkuki wa kufika mbinguni, ujanja ukaisha, wakatoroka pamoja. Nikiri kwamba huruma yangu iko kwa Winston, lakini safari ningefuatana na Koomenjwe.

Waandishi wetu wameshika njia ya Mbwaa zaidi. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini, Dzombo anayehukumiwa kifo anajikuta katika nchi ambayo jina lake, ukilikata vipande, ni "wale ni sisi". Matigari wa Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya ya Kigĩkũyũ ya 1986, anazunguka nchi akiuliza ukweli na haki viko wapi, na watu hawaelewani hata kama ni mwanamume au mwanamke. Ngũgĩ ameeleza yaliyofuata: serikali ilisikia wanavijiji wakimzungumzia mtu huyo, ikaagiza akamatwe. Ilipogundua kuwa anaishi kitabuni tu, polisi wakapita madukani mwaka 1987 wakibeba nakala. Simjui mhakiki aliyewahi kuithibitisha nguvu ya mhusika kuliko wale askari.

Simulizi la Mbwaa lenyewe huishia majini, Wameru wakitoroka. Njiru, weusi, walivuka usiku. Ntune, wekundu, alfajiri. Njeru, weupe, jua likiwa limechomoza. Ndizo koo za Wameru mpaka leo. Mzee mmoja wa hapa aliponisimulia, alifika hapo akanyamaza, akanitazama.

"Na nyinyi," akaniuliza, "kwenu mlivuka saa ngapi?"