Mgawanyo wa Mali ya Ndoa (Tanzania Bara)

Mgawanyo wa mali ya ndoa ni amri ya mahakama inayoamua nani achukue nini katika mali ambayo mume na mke wameichuma pamoja, pale ndoa yao inapovunjwa kwa talaka au wanapotenganishwa kisheria. Tanzania Bara amri hiyo hutolewa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Zanzibar haimo ndani ya sheria hiyo. Huko talaka za ndoa za Kiislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi. Kwa mwanamke anayeachika baada ya miaka kumi na tano ya kulea, kulima na kupika, kifungu hiki ndicho kinachoamua kama ataondoka na sehemu ya nyumba au na sanduku lake la nguo.

Sheria inavyosema

Mahakama ina uwezo wa kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa nguvu za pamoja za wanandoa. Kabla ya kugawa, hakimu hutazama mila za jamii yao, kiasi ambacho kila mmoja alichangia kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo wa ndoa hiyo. Akishayapima hayo, sheria inamtaka aelekee kwenye mgawo ulio sawa. Hakuna mahali iliposema nusu kwa nusu, na wanawake wengi hulijua hilo wakiwa wamekwishafika mbele ya hakimu.

Kuoana peke yake hakuhamishi umiliki. Shamba alilorithi mume hubaki la mume, na duka alilokuja nalo mke hubaki la mke. Sheria hiyohiyo inatamka kuwa mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Mali ya zamani huingia kwenye mgawo pale tu ilipoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenza, au na wote wawili, wakati wa ndoa. Kiwanja alichonunua mume akiwa bado kapera, nyumba ikasimama juu yake baada ya harusi, ni mfano unaorudi mahakamani kila mara.

Kesi ya Bi Hawa Mohamed

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja juu ya maneno "nguvu za pamoja". Upande mmoja ulishika kuwa kupika, kufua, kuzaa na kulea ni wajibu wa mke, na mtu halipwi kwa kutimiza wajibu wake. Upande wa pili ulisema kazi hizo ndizo zinazompa mume nafasi ya kutoka asubuhi kwenda kutafuta, kwa hiyo zimo ndani ya kile alichokipata.

Ubishi huo ulifika Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, iliyoamuliwa mwaka 1983 na jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Wawili hao walikuwa wameoana mwaka 1971, na ndoa ikavunjwa mwaka 1980 katika Mahakama ya Mwanzo ya Ilala, Dar es Salaam. Bi Hawa hakuwa na ajira. Mahakama ilijiuliza Sheria ya Ndoa ilitungwa kuponya maradhi gani, ikajibu kuwa ilitungwa kukomesha unyonywaji wa wanawake walioolewa. Kwa msingi huo ikaamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango halisi katika mali ya familia. Jibu hilo ndilo linalotajwa hadi leo na mahakama zote za chini, na kila mwanamke wa Tanzania Bara anayedai sehemu yake bila kuwa na mshahara anasimama juu yake.

Bi Hawa mwenyewe, hata hivyo, hakupata kitu. Mume wake alikuwa amempa shilingi 15,000 za kuanzisha mradi wa familia, na mahakama ikaona amezitapanya, hivyo fungu lake likahesabiwa kuwa limekwisha kuliwa. Jina lake limefungua mlango kwa maelfu ya wenzake, naye akabaki nje. Habari hiyo haifai kuachwa katika kuisimulia kesi hii, kwa sababu ndani yake kuna somo ambalo mawakili wa wanawake hulijua vizuri: kazi ya nyumbani imekubaliwa kuwa mchango, lakini uzito wake unapimwa upya katika kila kesi, na mwenendo wa mke katika fedha hupimwa kwa mizani hiyohiyo.

Mchango na ushahidi wake

Tangu hapo ugomvi umehama. Siku hizi ni nadra wakili kusimama na kusema kupika si mchango. Kinachobishaniwa ni kiasi, na kiasi hudai ushahidi. Hapo ndipo usawa unapopotea, tena unakuwa umepotea miaka mingi kabla ya ndoa kuvunjika.

Tazama kiwanja kinavyonunuliwa. Mnunuzi, muuzaji na mashahidi wanakaa kwenye mabenchi ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika hati ya mauziano kwa mkono, anagonga muhuri. Penye nafasi ya mnunuzi linaandikwa jina la mume. Mke yupo, ndiye aliyezitoa noti kwenye kanga alikozifunga, na nusu ya noti hizo ni mgao wake wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Anaambiwa naye atie saini, na anatia, chini kabisa ya karatasi, kwenye mstari wa shahidi upande wa mnunuzi. Miaka kumi baadaye karatasi hiyo inatolewa mahakamani. Sheria inachukulia kuwa mali iliyo kwa jina la mwenza mmoja ni ya huyo peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa mafungu yao ni sawa. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamwangukia aliyesaini kama shahidi.

Ujenzi nao huacha karatasi za upande mmoja. Saruji, nondo na mabati vina risiti, na risiti zimo kwenye mkoba wa mume. Maji aliyobeba mke alfajiri ya kumwagilia tofali hayana risiti. Chakula cha mafundi kwa miezi mitatu hakina risiti. Genge la mbele ya nyumba, lililolisha watoto ili mshahara wote wa baba uende kwenye msingi na ukuta, halina hesabu iliyoandikwa popote. Mahakama inaweza kuyapokea haya yote kwa ushahidi wa mdomo, na majirani, fundi aliyejenga au balozi wa nyumba kumi huitwa kueleza walichokiona. Daftari la kikoba lenye tarehe ya mgao inayolingana na tarehe ya kununua kiwanja limewahi kuwa msaada mkubwa kuliko mashahidi watano. Lakini mwanamke anayeishi kwa amani na mumewe haweki daftari kwa nia ya kumshtaki kesho, na sheria inayomdai ushahidi wa namna hiyo inamdai kitu ambacho mapenzi yenyewe yanamkataza kukikusanya.

Kwa ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasaidia kidogo. Mwenza ambaye jina lake halimo kwenye hati, lakini ambaye kwa jasho lake amechangia uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi hiyo, anahesabiwa kuwa amejipatia maslahi ndani yake. Kwa mama aliyelima mibuni ya mumewe misimu ishirini, kifungu hicho kina thamani kubwa kuliko hotuba yoyote juu ya haki za wanawake.

Talaka zisizofika mahakamani

Mahakama hugawa mali pale tu inapotoa talaka au amri ya kutengana, au baada ya kuitoa. Mume akiandika karatasi ya talaka na kumrudisha mke kwao, au wawili wakiachana kimyakimya kila mtu akashika njia yake, hakuna amri, na pasipo amri hakuna mgawo. Anayetaka talaka ya mahakama hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata au la dini, kama mabaraza ya BAKWATA na ya makanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na bila hati hiyo shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi. Kesi zilizosikilizwa mpaka mwisho zimewahi kufutwa katika rufaa kwa kasoro ya hati hiyo, mwanamke akarudishwa mwanzo. Baada ya hukumu, mtu ana siku 45 za kukata rufaa.

Wanaoishi katika kinachoitwa mtaani ndoa ya sogea tukae hawajatupwa. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa walioana, mpaka dhana hiyo ipingwe kwa ushahidi. Mwanamke katika hali hiyo anaweza kuomba matunzo na nafuu nyingine. Ikionyeshwa kuwa mwanamume alikuwa na ndoa ya Kikristo na mwingine muda wote huo, dhana yenyewe huyumba, na madai yake pamoja nayo.

Mahari, eda na matunzo

Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake, na iliyobaki bila kulipwa ni deni. Mume hudaiwa matunzo kipindi cha eda, na Sheria ya Ndoa inaitambua haki hiyo. Kitoka nyumba, yaani zawadi ambayo mume humpa mke anayemwacha, ni jambo tofauti na mgawanyo. Mke aliyepokea kitoka nyumba hajapoteza haki yake katika mali waliyochuma. Nje ya hapo mahakama inaweza kumwamuru mume amtunze mtalaka wake, na amri hiyo hukoma akiolewa tena. Matunzo ya watoto ni mzigo wa wazazi wote wawili.

Kinga kabla ya talaka

Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani na mwenza mmoja bila ridhaa ya mwingine, hata kama hati ina jina moja. Mke anayenusa kuwa nyumba inatafutiwa mnunuzi anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Njia hii haitumiki inavyostahili, pengine kwa sababu wengi huiogopa kama tangazo la vita ndani ya nyumba.

Nchi jirani

Kenya ilichelewa. Mwaka 2007, miaka 24 baada ya Bi Hawa, Mahakama ya Rufaa ya Nairobi katika kesi ya Echaria bado ilimtaka mke athibitishe mchango wa fedha. Katiba ya 2010 ikatamka usawa wa wanandoa hata ndoa inapovunjika, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikazitaja kazi za nyumbani, malezi na hata kukaa pamoja kama mchango. Hata hivyo mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya Ogentoto kuwa usawa huo hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja huchukua kwa kadiri alivyochangia. Rwanda iliruka kizingiti hicho kwa sheria ya mwaka 1999, ambayo iliruhusu wanandoa kuchagua tangu siku ya ndoa kuwa mali yote ni ya wote wawili.

Kukazia hukumu

Aliyepewa fungu hana budi kulifuata. Asipopewa kwa hiari huomba mahakama ikazie hukumu. Nyumba hufanyiwa uthamini, kisha mmoja humlipa mwenzake thamani ya fungu lake, au dalali wa mahakama huiuza na fedha zikagawanywa. Mwenye kipato ndiye mwenye uwezo wa kulipa fidia, kwa hiyo mara nyingi mume hubaki ndani na mke hupokea fedha, tena kwa mafungu. Fedha za namna hiyo huishia kwenye kodi ya chumba na ada za shule. Zipo pia hukumu zinazogawa nyumba yenyewe, vyumba vya mbele kwa mmoja na vya uani kwa mwingine, na watalaka wakaendelea kuteka maji kwenye bomba moja.