Stesheni ya Likasi

Watu wa Likasi wakizungumza habari za stesheni yao, wazee husifu magari ya umeme, lakini wengi walio wadogo kwao kidogo hunyamaza. Tunataka kueleza sababu ya sifa hizo na ya kimya hicho.

Reli kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Kambove mwaka wa 1913 ikipita hapa, na mwaka wa 1918 ikafika Bukama kwenye mto Lualaba. Shaba ndiyo iliyoukuza mji. Mwaka wa 1931 Wabelgiji wakauita Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi aliyekuwa amejenga reli kubwa kule China. Mji ukabeba jina la mjenzi wa reli mpaka 1966. Na mwaka wa 1952 njia ya kutoka hapa kwenda Tenke ikatiwa umeme, ya kwanza katika Kongo nzima. Fahari ya wazee ni hiyo.

Lakini reli haikuchukua shaba tu. Ilipofika Ilebo mwaka wa 1928 kwa kupita Kasai, watu wengi wa Kasai waliipanda kuja kufanya kazi za migodi na za reli yenyewe. Wakaoa, wakazaa, wakazikana hapa. Basi mwaka wa 1992 siasa ya ukabila ikawageuza wageni. Walifukuzwa katika nyumba zao, wakakimbilia stesheni kwa maelfu, wangoje gari la kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wao hawakupata kuiona. Wengine walingoja miezi. Walilala kando ya reli, walipika hapo, walizalia hapo, na magonjwa yakawaua watoto wengi. Gari likija lilijazwa kupita kiasi. Njia iliyowaleta babu ndiyo iliyowaondoa wajukuu, na wengi wao walikuwa ndio mafundi na makarani wa reli. Nani angebaki kuitunza?

Matengenezo yalikuwapo, tusiyakane. Tangu mwaka wa 2010 Benki ya Dunia ilisaidia shirika la reli, SNCC: reli zikabadilishwa mahali kadhaa, injini mpya zikanunuliwa. Hata hivyo shaba nyingi huenda kwa malori kupitia Kasumbalesa, na vumbi lake tunalivuta sisi. Reli ya Angola, iliyokatwa na vita tangu 1975, ilitengenezwa tena hadi mpakani, na mwisho wa mwaka wa 2023 shaba ya upande wa Kolwezi ilijaribiwa kupelekwa Lobito kwa njia hiyo. Ni habari njema, ila mzigo kutoka Kolwezi ukielekea magharibi haupiti Likasi.

Kwa hiyo, kabla hatujaomba stesheni ipakwe rangi, tunaomba jambo lililo rahisi zaidi. Ninyi mliozika watu wenu wakati ule wa kungoja gari, pelekeni majina yao kwa paroko, yasomwe katika Misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba.