Spea za Datsun 240Z: ya asili, ya nakala na ya feki

Jina la Datsun halihitaji kutambulishwa hapa Pwani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta na Mike Doughty kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta kushinda, safari hii akiwa na Lofty Drews, na gari likawa 240Z tena. Ndiyo maana kila ninapokaa na wapenzi wa magari ya zamani hapa Mombasa, gari hilo halikosi kutajwa. Na anayelimiliki, au anayetaka kulinunua, huuliza swali lile lile: spea atazitoa wapi?

Spea zipo. Nyingi bado zinatengenezwa, ingawa kiwanda kiliacha kuunda 240Z miaka mingi iliyopita. Kazi ngumu ni kujua ipi ya kuiamini na ipi ya kuirudisha kwa aliyekuuzia. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo.

Gari lenyewe

Nissan ililitoa mwishoni mwa 1969. Japani liliitwa Fairlady Z, na katika masoko ya nje likaitwa Datsun 240Z. Kikosi cha wachoraji wake kiliongozwa na Yoshihiko Matsuo, na aliyelipigania katika soko la Marekani ni Yutaka Katayama. Huko lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, bei ambayo magari ya michezo ya Ulaya yenye nguvu kama hiyo hayakuiweza. Injini yake, L24, ina silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393 na kabureta mbili, na kiwanda kilitaja nguvu za farasi 151. Fundi aliyewahi kufungua L16 ya Datsun 1600 hatakuwa mgeni ndani ya L24, kwani hizo ni injini za ukoo mmoja, na kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 83.

Kwa kuwa Wamarekani walilinunua kwa wingi, wengi wao wanaendelea kulitunza, na biashara ya spea mpya inaishi kwa ajili yao. Hiyo ni bahati kwetu, lakini ina mtego wake, kama nitakavyoonyesha.

Maneno matatu yasichanganywe

Spea ya asili ni ile iliyotoka kwa Nissan au kwa kiwanda kilichoitengenezea Nissan. Spea ya nakala ni ile iliyotengenezwa upya na kampuni nyingine kwa kufuata vipimo vya ile ya asili, na mtengenezaji anaweka jina lake mwenyewe. Spea ya feki ni ile inayovaa jina la mwingine. Nakala inakiri kwamba ni nakala, na ikiharibika unajua wa kumuuliza. Feki inakudanganya tangu kwenye boksi.

Wengi wetu tumeumizwa na feki madukani hata tukaanza kuikataa kila spea isiyoandikwa Nissan. Hapo tunakosea shabaha. Bomba la mpira la breki la mwaka 1972, hata likiwa la asili na halijawahi kufungwa kwenye gari, ni mpira uliozeeka. Mpira huchoka ukiwa stoo vile vile. Kwa kitu kama hicho, nakala mpya kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana ni salama kuliko asili ya nusu karne. Kwa upande mwingine, fremu ya kioo, bawaba za milango au kabureta za asili, hata zikiwa zimechakaa, mara nyingi hufaa kusafishwa na kutengenezwa kuliko kubadilishwa.

Anza na kutu

Kabla ya kununua hata skrubu moja, chunguza bodi. 240Z halina fremu ya peke yake chini kama pikapu. Bodi ndiyo chasisi. Kutu ikila sakafu, imekula mifupa ya gari. Na upepo wetu wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chumvi mwaka mzima.

Tazama chini ya betri, sakafu pande zote mbili na reli zilizo chini yake, vizingiti vya milango, kona iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, shimo la tairi la akiba, na ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele ambamo maji hutuama. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa, uipitishe taratibu kwenye bodi. Pale inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti na bati limekwisha. Kisha liinue gari kwa jeki upande mmoja, ufungue na kufunga mlango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, bodi inapinda.

Sakafu, reli na vizingiti vya nakala vinapatikana. Muulize muuzaji unene wa bati, halafu lipime mwenyewe likifika, ulilinganishe na kipande kizima cha gari lako. Na fundi asikate vizingiti vya pande zote mbili kwa pamoja. Kwanza achomelee vyuma vya kushikilia katika uwazi wa milango, akate upande mmoja, aumalize, ndipo ahamie wa pili. Bodi ikishapinda, hakuna spea itakayokaa sawa.

Panapohusu roho

Rahisi huvunja upishi, na katika gari huvunja zaidi ya upishi. Kuna sehemu tatu ambazo mimi sikubali mtu apunguze gharama.

Ya kwanza ni breki, yaani diski za mbele, dramu za nyuma, silinda zake na mabomba yake. Nunua mpya zenye jina la mtengenezaji, na zifungwe na fundi anayezijua.

Ya pili ni mipira ya mlango wa nyuma na ya taa za nyuma. Watu huiona ni urembo, na sivyo. Mipira hiyo ikikauka, moshi wa injini huvutwa ndani gari linapokwenda, na moshi huo una sumu isiyo na harufu. Hapa nakala hutofautiana sana. Mingine ni minene mno na mlango haufungi. Ijaribu kabla ya kuigandisha kwa gundi.

Ya tatu ni umeme. Katika gari hili umeme wa taa za mbele hupita kwenye swichi ya dereva bila rilei, kwa hivyo swichi na boksi la fyuzi hupata moto na kuungua. Ukiweka boksi jipya, ongeza na rilei.

Kuagiza bila kujuta

Sasa ule mtego. Spea nyingi za nakala zimetengenezwa kwa magari ya Marekani, yenye usukani wa kushoto. Namba ya chasisi ya magari hayo huanza na HLS30. Gari la nje ya Japani lenye usukani wa kulia, kama yanayotufaa sisi, huanza na HS30. Injini na gia hazijali upande. Dashibodi, zulia, waya na fimbo za waipa zinajali. Mtumie muuzaji namba ya chasisi na mwezi gari lilipoundwa, kwani mambo yalibadilika njiani. Kwa mfano, magari ya mwanzo yana matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na ya baadaye yanayo kwenye nguzo za pembeni.

Ukipiga hesabu, kumbuka kwamba forodha hutoza kwa bei ya kitu pamoja na bima na nauli yake, kisha kuna VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Kipande kikubwa cha bati kinaweza kuwa na nauli iliyozidi bei yake. Kwa hivyo agiza kutoka nje yale ambayo hayawezekani hapa. Viti, bomba la moshi, rejeta na bushi nyingi, mafundi wetu wa jua kali wanaziweza ukiwapa sampuli nzuri. Usitupe spea kuukuu mpaka mpya imekaa mahali pake, maana hiyo kuukuu ndiyo kipimo chako.

Ukibadilisha injini au rangi, peleka taarifa NTSA ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe.

Kwa nini kujisumbua?

Nissan yenyewe imeona gari hili lafaa kuhangaikiwa. Mwaka 1997, tawi lake la Marekani lilianza kununua 240Z kuukuu, kuzifufua na kuziuza upya. Mwaka 2013, wafanyakazi wake Japani walilifufua gari lile lile lililoshinda Safari ya 1971.

Sisi tuna sababu zaidi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo 240Z linalouzwa kwa mtu wa nje na kupakiwa melini hapa bandarini, kwa kawaida halirudi tena, na linalokatwakatwa kuwa chuma chakavu halina mbadala. Yaliyobaki ndiyo hayo. Kama unalo moja chini ya mwembe, lifunike, litoe mahali penye unyevu, na umwite fundi aangalie sakafu kabla ya mvua za masika.